Mkunga, Mikunga

Katika lugha yangu neno ni moja:
mkunga ni mwanamke apokeaye mtoto,
mkunga ni samaki mrefu mwenye utelezi.
Wingi ndio unaowatenga: wakunga hawa, mikunga wale.
Nilimweleza Wendell Alley hayo kwenye ngazi za kanisa,
akacheka hadi kofia ikamtoka.
Lugha yenu, akasema, iliwahi kuishi hapa Maine.

Mimi ndiye mweka hazina. Hawakunichagua kwa hesabu.
Walinichagua kwa kuwa nilijifungulia barabarani,
maili ishirini na sita kabla ya hospitali,
kiti cha nyuma, Januari,
mume wangu kabana tochi kwa meno
na mikono yake yote miwili haijui ishike wapi.
Wodi ya hapa mjini ilifungwa majani yalipoanza kupukutika.
Vitanda viliuzwa. Saa ya ukutani ikabaki, inatembea.

Tukasema tutamlipa mkunga wetu wenyewe:
Dolores Cates, magoti mabovu, mikono mizima.
Hakutaka mengi. Petroli. Matairi ya theluji.
Kile kidude cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.
Na msichana wa kumrithi, alipiwe karo.
Tukauza pai za buluberi, tukauza mablanketi ya viraka,
nami nikakaanga sambusa mia mbili,
zikaisha kabla kahawa haijachemka.
Jumla: dola mia sita na kumi na mbili,
na kifungo kimoja cha koti.

Tukauandikia wakfu mkubwa, Boston.
Jibu likaja kwenye karatasi nzito, tamu kushika:
wamesikitika, kazi yetu ni ya kupongezwa,
ila idadi ya wazazi ni ndogo mno.
Thelathini na mmoja kwa mwaka.
Niliisoma mara tatu, namtafuta binti yangu
kati ya hao wadogo mno.
Kwetu husemwa: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.
Nao hawakutukana. Walipiga hesabu tu.

Kisha Aprili, na maji kujaa usiku.
Watu wakashuka mtoni na taa vichwani, nyavu za mpini mkononi,
kuchota watoto wa mikunga wanaoingia kutoka baharini:
wembamba kama uzi, mwili kioo,
usingewaona lau si zile nukta mbili za macho.
Ratili moja ni kodi ya nyumba ya miezi.
Husafirishwa hai, ng'ambo ya dunia, wakakuzwe huko.
Na hapo hakuna anayelalamikia udogo.

Jumatatu Wendell akaja na kopo la kahawa.
Ndani, noti zenye harufu ya mto,
zimebanwa kwa mipira ya kufungia makucha ya kambakoche.
Usiku mmoja, akasema. Ulikuwa usiku mzuri.
Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikakaa chini.
Nikamuuliza jina lake niliandikeje.
Usiliandike.
Basi kwa nini?
Akatazama kile kidirisha cha juu, usawa wa barabara,
kinachoonyesha miguu ya wapita njia tu.
Barabara ileile, akasema. Mwaka wa themanini na tatu.
Tulikwenda wawili, na wa tatu yu njiani.
Nilirudi peke yangu.
Akavaa kofia.

Mkaguzi hutaka kila senti na ilikotoka.
Kwa Kiingereza nimeandika: mauzo ya samaki.
Pembeni, kwa penseli, kwa lugha yangu:
mikunga wamemlipa mkunga.

Dolores ana matairi mapya.
Juzi usiku alipita chini ya dirisha langu,
theluji ya mwisho ikilia chini ya gurudumu.
Sikujua anakwenda kwa nani.
Nikaamka, nikabandika maji jikoni.
Mazoea tu; hakuna aliyeniomba.